Damu Haifanywi Nyepesi

Mtoto aliyelazwa Kisii au Nyamira akiwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, daktari anaweza kuagiza achomwe sindano za enoksaparini, na mzazi akaambiwa kwa ufupi kuwa hiyo ni dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Jina hilo linatamkika vizuri ila linapotosha. Enoksaparini haiongezi maji kwenye damu wala haipunguzi chembe zake. Hushikana na protini ya mwilini iitwayo antithrombini, ikaipa nguvu ya kuzima vigandishi vya damu, hasa kile cha 10. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni dawa ya kuzuia mgando. Na ikitolewa kabla bonge la damu halijatokea, tuseme dozi ya kinga, tuitenge na dozi ya tiba.

Ushahidi umo katika vipimo vyenyewe. Mtoto wa kilo 20 hupewa kinga ya miligramu 0.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 10, kila baada ya saa 12. Tiba ni maradufu ya hiyo. Sindano ya mtu mzima hutoka kiwandani ikiwa na miligramu 40 katika mililita 0.4, kwa hiyo mtoto huyo anahitaji robo yake tu, na kukosea kidogo kunaweza kumvujisha damu. Uzito unaopimwa hapa ni wa mtoto, si wa damu. Tena kichanga asiyetimiza miezi miwili hupewa miligramu 0.75 kwa kilo, zaidi ya mtoto mkubwa, kwa sababu antithrombini yake bado ni haba na mwili wake huiondoa dawa upesi. Dhana ya wepesi haiwezi kabisa kueleza jambo hilo.

Wapo watakaosema watoto hupata mabonge mara chache, basi ya nini kusumbukia jina? Ni kweli, na wengi wanaolazwa hawaihitaji dawa hii. Mpira ule wa mshipani ndio chanzo kikuu cha mabonge kwa wachache wanaoihitaji. Lakini wachache hao wana wazazi wanaopaswa kuelewa. Wengine watasema nyumbani watu huongea Ekegusii, Kiswahili cha wodini hakifiki mbali. Naona kinyume chake: mama atamfasiria nyanya neno lile lile alilosikia, na damu nyepesi itageuka kuwa upungufu wa damu. Hapo ni rahisi mtoto kuongezewa chinsaga na managu, mboga zinazosifiwa Gusii kwa kurudisha damu. Kwa enoksaparini hakuna dhara. Ila kwa anayeendelea nyumbani na vidonge vya warfarini, dawa nyingine ya kuzuia mgando, kwa mfano aliyebadilishiwa vali ya moyo, vitamini K iliyojaa katika majani hayo huipinga dawa, na dozi iliyopimwa kwa uangalifu hospitalini haitoshi tena. Hakatazwi mboga, anatakiwa ale kiasi kisichobadilika wiki hadi wiki.