Soketi Kwanza: Historia ya Chaguo Moja la Mnunuzi wa Bujumbura

Anayejiundia kompyuta nyumbani kwa fedha kidogo huulizwa kwanza: prosesa gani? Insha hii inadai kwamba swali hilo limepinduliwa. Kwa mnunuzi wa Bujumbura, madabodi, yaani ubao unaobeba prosesa na viungo vingine vyote, ndiyo ichaguliwe mwanzo, na sababu yake imo katika historia.

Hadi mwaka 1997 chaguo lilikuwa jepesi. Soketi 7 ilipokea Pentium ya Intel, K6 ya AMD, hata 6x86 ya Cyrix. Mradi madabodi imudu umeme wake, uling'oa prosesa moja ukapachika ya kampuni pinzani. Mei 1997 Intel ikatoa Pentium II yenye tundu lake yenyewe, Sloti 1. AMD ikajibu mwaka 1999 kwa Sloti A. Kwa macho matundu hayo yalifanana. Kwa umeme hayakuelewana hata kidogo. Tangu hapo kununua madabodi ni kuchagua ukoo.

Ukoo huo uligawanyika Burundi ikiwa imefungiwa njia. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea vikwazo vya biashara, vikasitishwa Januari 1999. Vikwazo vilikwisha, lakini umbali ulibaki. Mzigo unaoshuka Dar es Salaam bado una zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake, uje kwa lori au kwa reli hadi Kigoma na kisha kwa meli ya Ziwa Tanganyika. Kipuri kisicholingana hakirudishwi kirahisi.

Na kutolingana kumezidi. Intel ilileta LGA 1155 mwaka 2011, 1150 mwaka 2013, 1151 mwaka 2015. Mwaka 2017 prosesa za kizazi cha nane zilibaki na jina 1151, ila zikakataa madabodi za awali. Hapo muuzaji mwaminifu kabisa aweza kukuuzia vitu viwili vyenye jina moja visivyowaka pamoja!

Wapo wanaopendelea kompyuta kuukuu ya ofisi. Kwa bei, hoja yao ina nguvu. Lakini madabodi zake mara nyingi zina umbo na plagi za kiwanda kimoja tu, hivyo ikiungua moja, kupata mbadala ni taabu.

Mimi naegemea AM4 ya AMD. Soketi hiyo ilipokea Ryzen za kwanza za 2017 na bado ikapokea za mfululizo wa 5000 za mwaka 2020. Mwenye madabodi ya B450 huanza na Ryzen 3 3200G, ambayo ina uwezo wa picha ndani yake, kisha akipata fedha huhamia 5600G. Kabla ya kuing'oa ile ya zamani asasishe baiosi, tena siku ambayo umeme wa REGIDESO umetulia: ukikatika katikati ya kazi hiyo, madabodi yenyewe yaweza kufa.