Garo: kifaa cha askari kilichofikia raia

Mshipa mkubwa wa damu ukikatika kwenye mguu au mkono, mtu anaweza kufa katika dakika chache, kabla ya kufikishwa kwa muganga. Majeshi yalilijua jambo hilo zamani. Mwaka 1674, jeshi la Ufaransa lilipozingira mji wa Besançon, muganga Etienne Morel alifunga kamba juu ya jeraha na kuikaza kwa kijiti. Mwaka 1718, Jean-Louis Petit alibadilisha kijiti kwa skrubu.

Katika vita vya Iraki na Afghanistani, askari wa Marekani walibeba garo ambayo majeruhi anaweza kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Iliokoa wengi. Tangu mwaka 2015, raia wa Marekani wanafundishwa kazi hiyo pia, kwa sababu jirani ndiye anayefika wa kwanza.

Hata kambini, pasipo garo, kazi inaanza na mikono: gandamiza jeraha kwa nguvu na kitambaa safi. Damu ya mguu au mkono isiposimama, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, kaza kwa kijiti hadi damu isimame. Andika saa. Usilegeze, hiyo ni kazi ya muganga.