Strokestown, kijiji cha Ireland ambacho waliofukuzwa bado wana majina

Ninyi mlioko kambini na kwa familia zilizowapokea, leo tunakwenda mbali kidogo. Strokestown ni kijiji cha kaunti ya Roscommon, katikati ya Ireland. Barabara yake kuu ni pana mno kwa kijiji kidogo vile, na mwisho wake kuna lango la nyumba ya familia ya Mahon, waliomiliki ardhi ya pale. Wakulima walikodi vipande vidogo na kuishi kwa viazi ulaya.

Mwaka 1845 viazi vilianza kuoza shambani. Ni ugonjwa uleule ambao wakulima wetu wa Lubero na Masisi wanauita mildiu. Watu walikosa chakula, sembuse pesa ya kodi. Mwaka 1846 wakulima wa Cloonahee walimwandikia bwana barua wakiomba kazi ili wale. Mwaka uliofuata msimamizi alimshauri Denis Mahon kwamba kuwalipia nauli ya meli hadi Kanada ni rahisi kuliko kuwalisha mwaka mmoja katika nyumba ya maskini. Tuseme wazi: hiyo haikuwa huruma, ilikuwa hesabu.

Mwezi wa Mei 1847 watu 1,490 walitembea kando ya mfereji hadi Dublin, na mtu wa bwana akiwafuata wasirudi nyuma. Kutoka huko walivushwa hadi Liverpool, wakapakiwa katika meli nne. Meli ya Virginius ilibeba watu 476. 158 walifia baharini. Novemba mwaka huo Mahon alipigwa risasi akirudi nyumbani, akafa.

Daniel Tighe, miaka 12, na dada yake Catherine, miaka 9, walifika Quebec bila mama. Familia ya wasema-Kifaransa iliwalea, nao wakabaki na jina lao.

Mwaka 1979 mfanyabiashara wa kijijini, Jim Callery, alinunua mali ile kwa ajili ya biashara yake ya malori. Ndani alikuta makaratasi ya zamani, pamoja na barua ya Cloonahee, akakataa yapotee. Makumbusho ya njaa yalifunguliwa humo mwaka 1994. Mwaka 2013 mzao wa Daniel alitoka Quebec akafika kijijini.

Siku hizi watu hutembea njia ileile, kilomita 165. Njiani kuna viatu vya shaba zaidi ya jozi 30, vilivyoigwa kutoka viatu vya mtoto vilivyokutwa katika magofu ya nyumba, vikiwa vimefungwa pamoja.