Kipimo cha Mwendo wa Damu: Kilianzaje?

Wakati mwingine daktari huagiza mgonjwa apigwe picha ya moyo, mapafu au figo baada ya kudungwa dawa yenye mionzi. Wengi wakisikia neno mionzi hushtuka na kukataa. Leo tutaeleza kipimo hiki kilianzaje, ili ukiambiwa wewe au mtoto wako anakihitaji, ujue la kuuliza.

Mama, ukitaka kujua maji ya mfereji yanafika wapi shambani, unaweza kuyatia rangi kidogo kisha uifuate. Ndivyo alivyofikiri George de Hevesy, mwanasayansi aliyezaliwa Hungaria. Mwaka wa 1923 alieleza jinsi alivyotia madini ya risasi yenye mionzi katika maji ya mimea ya maharagwe, kisha akapima ni kiasi gani kilichofika kwenye mizizi, shina na majani. Alitunukiwa tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1943.

Katika miaka hiyo ya 1920, mjini Boston, Marekani, madaktari Hermann Blumgart na Soma Weiss walileta wazo hilo kwa binadamu. Walidunga kiasi kidogo cha mionzi itokanayo na radiamu katika mkono mmoja, wakaweka chombo cha kunasa mionzi kwenye mkono wa pili. Damu hupita kwanza moyoni, ikaenda mapafuni, ikarudi moyoni, ndipo ifike mkono wa pili. Kwa watu wenye afya, safari hiyo ilichukua wastani wa sekunde 18. Kwa wale ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, ilichelewa. Hivyo ugonjwa wa moyo ukapimika bila kupasua kifua.

Siku hizi dawa inayotumika sana ni tekinetiamu. Nguvu ya mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Baada ya siku moja, hubaki sehemu 1 tu kati ya 16. Kamera maalum huonyesha mahali damu inapofika vizuri na mahali isipofika.

Je, mama afanye nini? Kwanza, mweleze daktari mapema kama una mimba au unafikiri unayo. Pili, sema kama unanyonyesha. Huenda ukaambiwa usinyonyeshe kwa muda fulani, ukamue maziwa na kuyamwaga. Usiamue peke yako kumwachisha mtoto kwa sababu ya hofu. Tatu, uliza kipimo kinatafuta nini, na kama kuna njia nyingine. Baada ya kipimo, kunywa maji ya kutosha na uende haja ndogo mara kwa mara, ili dawa itoke mwilini haraka.

Kumbuka, kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.