Fiat ndogo ya zamani iwe gari la kwanza? Tuulize historia ya mafundi



Swali la mwezi huu limetoka humu humu kwenye grupu. Kijana ambaye zamu yake ya likelemba inakaribia, na ana akiba kidogo pembeni, anunue gari dogo la Kiitaliano la zamani liwe gari lake la kwanza? Sababu zake si mbaya. Bei iko chini kuliko ya Toyota, injini ni ndogo na mafuta inakunywa kidogo. Tena usukani uko kushoto, sawasawa na barabara za Rwanda na Congo ambako tunaendesha upande wa kulia. Wengine walimjibu "nunua", wengine "kimbia". Kila mtu alikuwa na uhakika wake.

Mimi najibu kwa historia, kwa sababu gari hilo limeshakuwa gari la kwanza la watu wengi sana, na wengine wao ni majirani zetu wa Afrika Mashariki. Tukiangalia lilifaulu wapi na kwa nini, tutajua kama linaweza kufaulu hapa kwetu.

Tuanzie Torino, mji wa kaskazini mwa Italia wenye kiwanda cha Fiat. Mwaka 1936 Fiat walitoa gari dogo la watu wawili, injini ya sentimita za ujazo 569. Watu waliliita Topolino, yaani kapanya, jina ambalo Waitaliano walimpa pia Mickey Mouse. Aliyelichora ni injinia Dante Giacosa. Lakini siku zile mfanyakazi wa kawaida hakuweza kulinunua. Vita vikaja, nchi ikabomoka. Baada ya vita watu walianza na baiskeli, halafu pikipiki ya Vespa kuanzia 1946. Mwaka 1955 Giacosa huyo huyo akaleta Fiat 600, ya watu wanne, injini nyuma, uzito chini ya kilo 600. Mwaka 1957 ikaja Fiat 500 mpya, ndogo zaidi, urefu haufiki hata mita tatu, injini ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa, bila rejeta. Iliendelea kutengenezwa hadi 1975, zikatoka zaidi ya milioni tatu na nusu.

Nani alizitengeneza? Hapa wakimbizi tusikilize vizuri. Wengi waliofanya kazi katika kiwanda cha Mirafiori miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wahamiaji kutoka kusini mwa Italia. Walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo, lakini walifika Torino na mizigo yao kwa treni wakakuta matangazo ya nyumba yanayosema watu wa kusini hawapangishwi. Lahaja yao ilichekwa. Walilala wengi chumba kimoja. Miaka ikapita, wakaanza kununua kwa malipo ya kidogo kidogo yale magari waliyoyafunga wenyewe boliti kwa boliti, na mwezi wa nane kiwanda kikifungwa kwa likizo, walipakia watoto na masanduku wakateremka nayo hadi kijijini.

Kwa hiyo pale Italia gari dogo lilifanikiwa kwa sababu mbili. Kwanza, bei ililingana na mshahara. Pili, kila mtaa ulikuwa na mtu anayeijua ile injini ndani na nje, pengine kwa sababu ndugu yake anaitengeneza kiwandani.

Sasa tuje upande wetu wa Afrika. Magari ya Fiat hayakuletwa huku kwa upendo. Italia iliitawala Eritrea tangu 1890, ikachukua sehemu kubwa ya Somalia, na Oktoba 1935 ikavamia Ethiopia. Malori yalibeba askari na silaha. Ethiopia ilikaliwa hadi 1941. Lakini pamoja na vita zilikuja barabara, karakana na vituo vya mafuta. Pale Asmara bado kinasimama kituo kinachoitwa Fiat Tagliero, kilichojengwa 1938 na Giuseppe Pettazzi kwa umbo la ndege. Mabawa yake mawili ya zege yananing'inia hewani bila nguzo hata moja. Mwaka 2017 mji wa Asmara uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mtawala aliondoka, fundi akabaki. Watu wa Eritrea na Ethiopia waliofanya kazi kwenye karakana za Waitaliano, mara nyingi kwa kazi za chini, walishika ufundi na wakafundisha wadogo zao. Dalili yake iko kwenye lugha. Kama una rafiki Muethiopia au Mueritrea, mwulize gari linaitwaje kwao. Atakuambia "mekina", kutoka neno la Kiitaliano macchina. Breki ni "fren". Na tairi, sikilizeni watu wa ng'ambo ya mpaka, tairi ni "goma"! Halina uhusiano na mji wa Goma, limetoka kwenye gomma, yaani mpira kwa Kiitaliano. Tangu Septemba 2019 kuna wenzetu wa Eritrea, Ethiopia, Sudan na Somalia walioletwa kutoka Libya hadi kituo cha Gashora, wilaya ya Bugesera. Hata tusipoelewana lugha, karakana inaweza kutukutanisha.

Mjini Addis Ababa, Fiat 600 ikawa teksi. Watu waliiita "seicento", mia sita kwa Kiitaliano. Na Addis iko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Asmara vilevile. Gisenyi kwetu hatufiki hata mita 1,600. Kwa hiyo anayesema "ka-Fiat hakawezi milima" ajue kwamba milima siyo iliyokashinda. Kalipanda milima mikali kuliko yetu, pole pole, kakiwa kamejaa abiria.

Halafu angalia kilichofuata. Mwaka 1966 Fiat walitia saini mkataba na Umoja wa Kisovieti wajenge kiwanda kikubwa katika mji wa Tolyatti, ambao wenyewe ulipewa jina la mkomunisti wa Kiitaliano, Palmiro Togliatti. Mfano uliochaguliwa ni Fiat 124. Warusi walipoijaribu kwenye barabara zao mbovu, waliona haifai hivi hivi. Wakaongeza unene wa bati, wakainyanyua juu zaidi, breki za nyuma za diski wakaweka za dramu zinazovumilia matope. Kuanzia 1970 ikatoka kama Lada. Wakati wa utawala wa Derg Lada hizo zikaingia Ethiopia, zikapakwa bluu na nyeupe, zikawa teksi za Addis kwa miaka mingi. Fundi aliyezoea Fiat hakupata shida. Alifungua boneti akakuta mtu wa ukoo ule ule.

Sasa rudi Gisenyi, mbele ya hilo gari linalouzwa. Sisi tulitawaliwa na Wajerumani, halafu Wabelgiji. Fiat kubwa zilijulikana Afrika, hasa lori la 682 lililotengenezwa kuanzia 1952 hadi 1988, ambalo Waitaliano wenyewe waliliita mfalme wa Afrika. Lakini ile jamii ya mafundi wa Fiat ndogo, kama ya Asmara na Addis, hapa haikuzaliwa. Mlolongo uliotufikia sisi ni mwingine: magari ya okazio ya Kijapani yanayoshuka Mombasa na Dar es Salaam, mengine yakipitia Dubai. Ndiyo maana kijana anayejifunza ufundi hapa anajifunzia kwenye Toyota. Spea za Toyota utazipata Gisenyi, utazipata Goma, na zikikosekana zitakuja na basi la Kigali kesho yake. Plagi na mafuta ya Fiat utapata. Lakini ukivunjikiwa na kitu cha giaboksi au kioo cha mbele, utasubiri wiki, utalipa usafirishaji kutoka Ulaya, na siku hizo zote gari limesimama na wewe unatembea kwa mguu.

Jibu langu basi ni hili. Kama gari ni la kutafutia maisha, kubeba bidhaa au kwenda kazini kila siku, usiweke zamu yako ya likelemba kwenye Fiat ya zamani hapa Gisenyi. Gari lenyewe si baya. Tatizo ni kwamba hapa litakuwa peke yake. Kama moyo umekataa na bado unalitaka, angalau fanya haya kabla ya kutoa hela:

1. Tafuta kwanza fundi, halafu gari. Awe mtu aliyewahi kufungua injini ya aina hiyo, siyo wa kusema tu "tutajaribu".

2. Lala chini uangalie kutu: sakafu, chini ya milango, mahali springi zinaposhikilia. Fiat nyingi za miaka ya 1970 zilijulikana kwa kutu, na rangi mpya inaweza kuificha.

3. Kwa zile za karibuni kama Uno (1983) au Punto (1993), uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, hesabu kwamba unabadilisha mara moja. Ukikatika njiani, kwenye injini nyingi valvu zinapinda.

4. Angalia karatasi: jina la mwenye gari, kodi ya kuingiza, bima, ukaguzi wa polisi. Gari lililovuka barieri bila karatasi halina bei nafuu.

5. Bei ya kununua isimalize hela yote. Bakiza ya matengenezo ya miezi sita ya kwanza.

Neno kwa wenzetu wa mashirika. Mara nyingi mnatuuliza tunahitaji vifaa gani. Historia hii inaonyesha kwamba vifaa vinachakaa, lakini mtoto aliyeshika spana karakanani Asmara alikuja kuwa fundi, akafundisha wengine, na mji ukaendelea kutembea hata baada ya mabwana kuondoka. Mkiwa na bajeti ya mafunzo, wekeni ufundi wa magari, na wasichana wawemo. Toeni cheti kinachotambulika pande zote za mpaka, kwa sababu siku ya kurudi au ya kuhamia nchi nyingine, cheti na mikono ndivyo tutakavyobeba. Gari lazima uliache.

Kwenye komenti, tuandikieni: mtaani kwenu, mlikotoka, gari gani lilikuwa la kila mtu? Na nani alijua kulitengeneza?