Maji Kujaa na Kupwa: Jinsi Wanadamu Walivyoijua Sababu Yake

Watu wa mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa, hawahitaji saa ili wajue bahari itafanya nini. Mvuvi ajua wakati wa kwenda kuutazama uzio wake. Mama achokoaye pweza ajua lini mwamba utaachwa mkavu. Na fundi wa vyombo hungoja bamvua ili akipandishe chombo pwani, akikwangue na kukipaka deheni kabla maji hayajarudi. Wote wajua ya kuwa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku wake, na ya kuwa kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Haya ni maarifa ya kweli. Lakini kulijua jambo ni habari moja, na kuijua sababu yake ni habari nyingine. Na kutoka ile ya kwanza hata kufika ya pili wanadamu walisafiri miaka elfu mbili.

Twaieleza safari hiyo hasa kwa ajili ya wale wanaotaka kuwa walimu wa sayansi. Yawapasa waijue dunia, na jua, na mwezi, na jinsi vinavyohusiana. Wengi, wakiulizwa habari ya bahari, hujibu kwa neno moja: “Mwezi huyavuta maji.” Jibu hilo si la uwongo, lakini mtoto mwenye akili atauliza: “Mwezi hupita juu yetu mara moja tu kwa siku, mbona maji hujaa mara mbili?” Mwalimu asiyekuwa na jibu atamnyamazisha, na mtoto atadhani ya kuwa sayansi ni maneno ya kukariri tu. Tena swali hilo limepata kuwashinda wakubwa wa elimu.

Wa kale waliona mapema ya kuwa bahari na mwezi huandamana. Pytheas, Myunani wa mji uitwao leo Marseille, alisafiri mpaka Uingereza yapata mwaka 325 kabla ya Kristo, akayaona maji makubwa ya huko ambayo bahari ya kwao haina, naye husemwa kuwa aliyahusisha na mwezi. Mwaka 725 Bede, mtawa wa Kiingereza, aliandika katika kitabu chake cha kuhesabu nyakati ya kuwa maji huchelewa kila siku kama mwezi uchelewavyo, na ya kuwa kila bandari ina saa yake. Huyo alikuwa akiandika mambo yale yale ayajuayo mvuvi wetu. Sababu ilikuwa bado imefichika.

Mwaka 1609 Johannes Kepler, Mjerumani, alisema ya kuwa mwezi unayo nguvu ya kuvuta, nayo huyafikia maji ya bahari. Galileo Galilei, Mwitalia yule aliyeigeuza elimu ya nyota kwa darubini yake, hakukubali. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1632 alistaajabu kwamba mtu kama Kepler aweza kuamini utawala wa mwezi juu ya maji. Yeye alisema ya kuwa dunia hujizungusha, na papo hapo hulizunguka jua, na mienendo hiyo miwili huifanya bahari isukwesukwe, kama maji yaliyomo ndani ya chombo kinachoongeza na kupunguza mwendo. Aliyasema hayo kwa kuwa alitaka kuthibitisha ya kuwa dunia huenda. Na kweli, dunia huenda. Lakini kwa hesabu yake maji yangejaa mara moja tu kwa siku. Kujaa mara mbili alikuhesabu kuwa ni kwa ajili ya urefu na kina cha bahari za kwao. Wavuvi wa pwani nyingi za dunia wangaliweza kumwambia ya kuwa sivyo.

Aliyekifungua kifundo ni Isaac Newton, Mwingereza, mwaka 1687. Alionyesha ya kuwa kila kitu huvuta kila kitu, na ya kuwa nguvu hiyo hupungua kadiri umbali uzidivyo. Fikiri wapagazi watatu wanaofuatana njiani: wa mbele ana mbio, wa kati ana mwendo wa wastani, wa nyuma ni mzito. Baada ya saa moja yule wa kati ataona mmoja amemtangulia na mwingine amebaki nyuma, naye yu peke yake katikati. Ndivyo ilivyo hapa. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi. Dunia yenyewe huvutwa kwa wastani. Maji ya upande wa pili, yaliyo mbali, huvutwa kidogo. Kwa hiyo bahari hutuna pande mbili, na dunia, kwa kuzunguka, hutupitisha katika pande zote mbili. Na kwa kuwa mwezi nao husogea mbele katika njia yake, duru hiyo hutimia kwa saa 24 na dakika 50.

Jua nalo huvuta. Ingawa ni kubwa mno, liko mbali mno, hata kazi yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi husaidiana, tukapata bamvua. Mwezi uwapo nusu hupingana, yakawa maji mafu.

Baadaye wataalamu walionyesha jinsi nchi kavu na vina vya bahari vinavyoyageuza maji hayo, na mwaka 1872 William Thomson alibuni mashine ya kuyahesabu kabla hayajaja. Kwa mashine za namna hiyo Arthur Doodson wa Liverpool alihesabu maji ya pwani ya Ufaransa kwa ajili ya majeshi yaliyoshuka huko tarehe 6 Juni 1944. Kukosea hesabu kungaliwaangamiza watu wengi. Na tangu mwaka 1969, wasafiri wa Marekani walipoacha vioo juu ya mwezi, mwali wa nuru hupelekwa huko na kurudi, na kwa huo tumejua ya kuwa mwezi hujitenga nasi kadiri ya sentimita 3.8 kila mwaka, kwa ajili ya kujaa na kupwa huku huku.

Basi mwalimu wa pwani na awatume wanafunzi wake waandike, kwa mwezi mzima, saa ya maji kujaa na sura ya mwezi. Mwalimu wa bara, ambaye ziwa lake halionyeshi kujaa wala kupwa kwa macho, na awatume waandike saa ya mwezi kuchomoza. Wote wawili watazikuta zile dakika 50, zikizidi siku moja na kupungua nyingine. Kisha ndipo awaeleze habari za Newton. Galileo alikuwa na akili kupita sisi sote, lakini aliitanguliza sababu kabla ya kuyasikiliza maji. Nasi tusiwafundishe watoto kufanya hivyo.