Redio Ilinunuliwa Mara Moja

Mwaka jana nilirithi redio kaseti ya babu. Ile ya mkono mmoja wa kubebea, spika moja, mlango wa kaseti upande wa kulia. Kabla ya kuiwasha nikafungua mfuniko wa nyuma, na humo ndani nikakuta betri nne kubwa ambazo hakuna aliyezitoa tangu mzee azimwe na umri. Zilikuwa zimevimba na kuvuja. Unga mweupe ulikuwa umetambaa mpaka kwenye springi, na springi mbili zimeliwa zikabaki vipande vya kutu ya kijani. Nilikaa nazitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana hizo betri, bwana, ndizo zilizotawala nyumba ile.

Tunapoandika historia ya muziki na redio huku kwetu tunaandika habari za watangazaji, bendi, nyimbo zilizopigwa marufuku na zile zilizopigwa mpaka zikachosha. Mimi mwenyewe nimeandika makala za namna hiyo. Betri haimo. Lakini muulize mtu yeyote aliyekulia kijiji kisicho na umeme, atakwambia swali la kwanza lilikuwa kama redio ina moto. Nani anaimba lilikuja baadaye.

Hili lilijulikana mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ofisa wa habari wa serikali ya kikoloni aitwaye Harry Franklin alitaka Waafrika wapate redio wanayoweza kuinunua. Kampuni ya betri ya Uingereza, Ever Ready, ikakubali kuitengeneza. Ilitoka mwaka 1949, ikiwa imefungwa ndani ya umbo la sufuria ya aluminiamu lililopakwa rangi ya buluu, na ikabaki na jina hilohilo: Saucepan Special. Bei yake pauni 5. Betri yake pauni 1 na shilingi 5, na ilikadiriwa kudumu saa 300 hivi.

Sasa tupige hesabu ambayo mnunuzi wa Lusaka aliipiga kichwani. Betri moja ni robo ya bei ya redio. Ukisikiliza saa tatu kwa siku, imekwisha ndani ya siku 100. Kwa hiyo baada ya mwaka na mwezi hivi umeshalipa bei ya redio nyingine nzima, na redio yenyewe ni ileile. Sioni ajabu kwamba aliyekubali kuitengeneza alikuwa muuza betri.

Redio ile ilitumia valvu, na valvu zina njaa. Transista ndiyo iliyopunguza njaa hiyo. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954, Wajapani wakafuata upesi, na ndani ya miaka michache redio ikawa kitu cha kubeba begani ukienda kisimani. Miaka ya 1960 viwanda vya betri vikasimama huku kwetu: Dar es Salaam Wajapani wa Matsushita wakatengeneza redio na betri za National, na Nakuru, Kenya, Eveready wakafungua kiwanda chao mwaka 1967. Kile cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Wakenya wengi hata leo betri wanaziita mawe, na ukishawahi kubeba nne mfukoni unaelewa kwa nini.

Serikali nazo zilitegemea mawe hayo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wajifunze kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Watu wanakumbuka vyoo. Mimi nafikiria kile kikundi kilichokaa chini ya mwembe, daftari tayari, mwenyekiti anazungusha kitufe, kimya.

Tuingie ndani ya betri yenyewe kidogo, kwa sababu bila hapo hutamwelewa babu. Asili yake ni Mfaransa Georges Leclanché, mwaka 1866. Betri yake ilikuwa chupa ya maji ya chumvi ya amonia, huwezi kutembea nayo. Mjerumani Carl Gassner, miaka ishirini baadaye, akayageuza maji kuwa ujiuji mzito na kufanya kopo la zinki liwe chombo na hasi kwa wakati mmoja. Katikati kijiti cha kaboni, kukizunguka unga mweusi wa manganizi. Hiyo ndiyo betri aliyonunua babu, haijabadilika sana. Kila unaposikiliza wimbo, lile kopo la zinki linaliwa kutoka ndani. Ukichelewa kuitoa, linatoboka, na utakuta nilichokikuta mimi.

Kuna jambo moja kuhusu betri za namna hii ambalo wanakijiji walilijua bila kusoma kemia. Ukiifanyisha kazi mfululizo inachoka kabla ya kwisha, kwa sababu mabaki ya kazi yake yanajazana karibu na kijiti na unga haujapata nafasi ya kuyamaliza. Ukiipumzisha, inapata nguvu tena, kidogo. Joto nalo linachangamsha kazi ya ndani. Kwa hiyo babu alipozipanga betri zake juu ya bati kila asubuhi hakuwa mshamba. Aliamini jua linaingia ndani ya betri. Jua halikuingia, ila pumziko lilikuwa la kweli na joto lilisaidia, na jioni tulipata dakika ishirini ambazo hazikuwepo.

Mbinu nyingine ilikuwa ya mwanzi. Redio ya betri nne inataka volti 6, yaani moja na nusu kwa kila betri. Betri zilizochoka labda zimeshuka mpaka 1.1, na nne zake zinakupa 4.4, redio inakoroma tu. Basi unachukua sita zilizochoka, unazipanga kwenye mwanzi uliopasuliwa au bomba la karatasi ngumu, unafunga kwa mpira wa baiskeli, unavuta nyaya mbili mpaka ndani ya redio: 6.6. Linaimba! Sijui ni nani aliyewafundisha vijana wa darasa la tano kujumlisha desimali namna ile wakati mwalimu alikuwa ameshindwa.

Kaseti ndiyo iliyokuwa adui. Redio ikiwa redio tu inakula kidogo, lakini kaseti ina mota, na mota inazungusha utepe muda wote. Ndiyo maana tulirudisha nyuma nyimbo kwa kalamu ya Bic, umeichomeka kwenye tundu la kaseti unazungusha hewani kama mtu anayefukuza nzi. Ndiyo maana pia ulijua mapema betri zinakwisha: mwimbaji anaanza kuimba kama amelewa, sauti nzito, gitaa linaburuta miguu. Ukirudi kwenye redio ilikuwa bado inaongea, kwa mbali. Kwa siku moja au mbili.

Pale nyumbani, wilaya ya Kilosa, sheria ilikuwa moja. Redio inawashwa saa mbili kasoro dakika tano usiku. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, inazimwa. Jumapili mpira, ukiwepo. Nilidhani babu ni bahili. Matangazo ya vifo kwa watoto yalikuwa orodha ndefu ya majina na vijiji, habari ziwafikie fulani wa Malinyi, fulani wa Urambo. Hakukuwa na simu. Barua ilichukua wiki. Kwa familia iliyotawanyika, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mlango wa kubisha hodi.

Nilikuwa darasa la pili wakati baba yangu mdogo, aliyekuwa na miaka kumi na minane na mapenzi mazito na muziki wa dansi, alipoazima kaseti kwa rafiki yake. Babu alikuwa amekwenda minadani. Tulisikiliza upande wa kwanza na wa pili, kisha tena, mimi nikiwa mlinzi mlangoni. Nilijua kabisa tunafanya nini. Mwimbaji akalewa. Baba mdogo akazitoa betri, akazing'ata moja moja kama tulivyoona wakubwa wakifanya, akazirudisha, na jioni ile redio ikatoa upepo tu. Babu aliporudi alidhani zimekwisha kwa zamu yao. Akasema atanunua akiuza mahindi.

Siku ya nne akaja mama mmoja kutoka kijiji cha pili, amejifunga kanga mbili. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Yule mama akapiga magoti pembeni yake, akamwambia, "Pole sana dada, na msiba."

Bibi akamuuliza, "Msiba gani?"

Kaka yake, Tabora. Lilitangazwa usiku ule wa upepo na usiku uliofuata. Kijiji kizima cha pili kilikuwa kimesikia na kudhani bibi yuko safarini tayari. Walikuwa wameshamzika.

Hakuna aliyetusema. Baba mdogo hakukiri, nami sikusema neno. Babu alianza kulala na betri: redio inabaki mezani, betri nne ziko ndani ya soksi chini ya mto wake. Alifanya hivyo mpaka nilipoondoka kwenda sekondari.

Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alitazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika, akasikia kwamba redio ingeokoa watu ila betri ni ghali, akabuni redio ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuja kutengenezwa Cape Town. Ni hadithi nzuri na yeye alistahili sifa zake, ingawa pale kwetu sikuiona hata moja.

Walkman ya Sony, ya mwaka 1979, ilikuwa na betri mbili ndogo, na wenzetu wa mjini waliiwekea adapta. Adapta nayo ina mambo yake. Inashusha volti 230 za ukutani, inazinyoosha, na ile ya bei rahisi hainyooshi vizuri, ndiyo maana chini ya wimbo unasikia mmmm. Halafu kuna suala la ncha: watengenezaji wengine waliweka chanya katikati, wengine hasi. Nikiwa chuo nilinunua adapta ya kituo cha basi yenye swichi ya kuchagua, nikachagua vibaya, na chumba kizima cha hosteli kikanuka plastiki. Na iPod ilipokuja mwaka 2001 betri ikafungiwa ndani kabisa, huwezi kuianika juani hata ukitaka.

Fundi wa Kariakoo alibadilisha springi za redio ya babu, akanipimia adapta ya volti 6. Niliipeleka Kilosa Krismasi. Nyumba ina umeme sasa. Nikachomeka, kaseti ikazunguka, na mngurumo kidogo chini yake. Baba mdogo, ambaye ana mvi, alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho.

"Umeme ukikatika?"

Nikamwambia itazima tu, kila mtu ana simu.

Akatoka. Alirudi baada ya nusu saa na betri nne mpya ndani ya mfuko wa nailoni, akaziweka mezani kando ya redio. Nilipotaka kuzipachika akanizuia. "Zitavuja," alisema. "Acha zikae hapo."